Robota la mpira huanza kuzeeka kabla halijafungwa

Mpira wa sintetiki hufika Dar es Salaam ukiwa marobota. Robota la kawaida lina uzito wa kilo 33 hadi 35, limevishwa plastiki nyembamba ya polithini na kupangwa na wenzake ndani ya kreti la mbao au la chuma. Likishatoka bandarini huenda kukaa ghalani, Chang'ombe, Vingunguti au kando ya Barabara ya Nyerere, likisubiri zamu yake ya kuwa soli ya kiatu, bushi ya gari, mkanda wa kusafirishia mizigo au tabaka jipya la tairi kuukuu. Likisubiri sana, mara nyingine hugeuka. Mwenye mashine analiingiza kwenye roli na linagoma: gumu, halipokei kaboni nyeusi (unga wa masizi unaochanganywa na mpira kuuimarisha), linatoa karatasi yenye vinundu vinundu. Hapo lawama zote humshukia mtunza stoo.

Mtunza stoo ana lake la kujibu, na nitalifikia. Lakini sehemu kubwa ya kesi hii huwa imeshaamuliwa mbali na Dar, ndani ya saa chache tu, kati ya dakika mmenyuko wa kemikali unaouzaa mpira unaposimamishwa kiwandani na dakika robota linapofungwa. Pale ndipo akiba ya uhai wa mpira huwekwa. Ghala huitumia tu, kwa pupa au kwa uangalifu. Tanzania haina kiwanda cha mpira wa sintetiki. Mpira wa asili tunao kidogo, kwenye mashamba ya Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero, ila huu wa kutengenezwa kwa kemikali za petroli wote tunaagiza. Mnunuzi wa Dar basi hana namna ya kwenda kuchungulia mitambo. Anachoweza ni kujua kinachofanyika humo, ili ajue cha kumuuliza muuzaji.

Nini hasa kinachozeeka

Mpira mbichi, yaani ule ambao haujachanganywa na salfa na kupikwa, ni rundo la minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana bila kufungwa pamoja. Mpira unaouzwa zaidi kati ya hii ya sintetiki, SBR, hutengenezwa kwa kuunganisha butadieni na stairini; katika madaraja ya kawaida stairini ni kama asilimia 23.5. Kila kipande cha butadieni kinachoingia kwenye mnyororo huacha kiungo maradufu kati ya atomu mbili za kaboni. Kiungo hicho ndicho kinachoufanya mpira uweze kupikwa kwa salfa baadaye, kwa hiyo hakuna anayetaka kukiondoa. Shida ni kwamba kinazilegeza atomu za haidrojeni zilizo jirani yake, na oksijeni ya hewani inaijua njia hiyo.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi wazoefu. Mpira wa asili ukizeeka hulainika na kunata, kwa sababu minyororo yake hukatika. SBR, mpira wa butadieni mtupu (BR) na mpira wa nitraili huenda kinyume: minyororo hushikana yenyewe kwa yenyewe, na mpira hukakamaa. Oksijeni ni ileile, joto ni lilelile, matokeo hayafanani. Kwa hiyo mtu aliyezoea mpira wa asili akibonyeza robota la SBR kwa kidole na kuona halinati, anaweza kuliona zima kumbe ndilo lililokwisha.

Sehemu iliyoshikana huitwa jeli. Mpira mzima wa SBR ukiuloweka kwenye kiyeyushi kama tolwini huyeyuka wote. Jeli haiyeyuki, huvimba tu. Ubaya wa jeli ni kwamba haina dawa. Ukiisaga kwenye kinu utaipasua vipande vidogo, lakini hutairudisha kuwa minyororo huru.

Kiwandani hawasubiri jeli ionekane. Hupima mnato kwa kifaa kilichobuniwa na Melvin Mooney, mwanafizikia Mmarekani aliyekieleza mwaka 1934, ambacho jina lake limekuwa jina la kipimo chenyewe. Kisahani cha chuma huzungushwa polepole, mizunguko 2 kwa dakika, ndani ya mpira ulio kwenye nyuzijoto 100. Unapashwa dakika 1, kisha baada ya dakika 4 nguvu inayohitajika kukizungusha husomwa. SBR ya daraja la 1502 husoma kama 50. Cheti cha kiwanda kikisema 50 na wewe baada ya mwaka ukapata 65, minyororo imeanza kushikana, hata kama rangi na harufu havijabadilika.

Mnyororo unaovamia mnyororo

Kuzeeka huku huanza na radikali huru, yaani molekuli iliyong'olewa haidrojeni moja ikabaki na elektroni isiyo na mwenzake. Joto, mwanga, msuguano mkali wa mashine au chembe ya metali, chochote kati ya hivyo kinatosha kuizaa. Radikali hiyo hudaka oksijeni mara moja na kuwa radikali ya peroksi. Hii nayo hung'oa haidrojeni kwenye mnyororo wa jirani. Yenyewe ikatulia kuwa haidroperoksidi, jirani akabaki radikali mpya, na mzunguko ukaendelea.

Hadi hapo hasara bado ni ndogo. Kinacholeta balaa ni ile haidroperoksidi iliyojidai kutulia. Ikipata joto au ikigusana na metali hupasuka na kuanzisha radikali nyingine juu ya zilizokuwepo, kwa hiyo idadi yao hupanda kwa kasi inayoongezeka. Ndiyo maana mpira hauzeeki kwa mwendo wa kulingana. Miezi inapita vipimo havitikisiki, halafu ndani ya wiki chache mnato unaruka. Fundi anayelalamika kwamba mwezi uliopita robota lilikuwa zima kabisa hasemi uongo.

Metali zenye madhara zaidi ni shaba, manganizi, kobalti na chuma, kwa sababu hubadili chaji zao kwa urahisi na kupasua haidroperoksidi moja baada ya nyingine bila zenyewe kuisha. Kiasi chake hupimwa kwa sehemu kwa milioni. Dar ni mlango wa kutokea shaba ya Zambia na Kongo, na sidhani kama ni busara ghala lililokuwa likihifadhi shaba au makinikia yake lipangwe marobota ya mpira kabla halijafagiliwa na kuoshwa vizuri.

Dhidi ya haya yote kuna antioksidanti, na zipo za kazi mbili tofauti. Kundi la kwanza, la fenoli na amini, huipa radikali ya peroksi haidrojeni inayoitaka, ili isiende kuing'oa kwenye mpira. Kundi la pili, ambalo fosfaiti ni maarufu humo, huivunja haidroperoksidi kwa upole bila kuzaa radikali. La kwanza huzima moto uliowaka, la pili huondoa kuni. Watengenezaji wengi hutumia yote mawili, kwa jumla isiyozidi sana sehemu 1 kwa kila sehemu 100 za mpira. Kila molekuli inayofanya kazi hutumika na kuisha, na siku ya mwisho wake ndiyo siku ule ukimya wa miezi unapokatika.

Kiwandani, hatua kwa hatua

SBR nyingi hutengenezwa kwa njia ya emulsheni. Butadieni na stairini hutawanywa ndani ya maji kwa sabuni, kichocheo huwekwa, na minyororo hukua ndani ya matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Enzi za Vita vya Pili vya Dunia, Japani ilipoteka mashamba ya mpira ya Malaya na visiwa vya Indonesia mwaka 1942 na Marekani ikalazimika kujenga viwanda kwa haraka, kazi hii ilifanyika kwenye nyuzijoto kama 50. Baadaye ikagunduliwa namna ya kuiendesha kwenye nyuzi 5 hivi. Mpira ukatoka bora zaidi, kwa sababu kwenye baridi minyororo haichipui matawi ovyo.

Cha kwanza kinachohusu uhai wa ghalani ni lini mmenyuko unasimamishwa. Katika njia ya baridi husimamishwa pale asilimia 60 hadi 65 ya malighafi inapokuwa imegeuka mpira. Mtu wa biashara atashangaa: kwa nini usiache iishe yote? Kwa sababu malighafi ikipungua ndani ya tone, radikali zinakosa cha kula na kuigeukia minyororo iliyokwisha kukamilika. Jeli huzaliwa humohumo tangini, kabla oksijeni haijaonekana. Kwa hiyo huwekwa kemikali ya kusimamisha, inayoua kichocheo na radikali zilizobaki. Ikiwekwa pungufu, au ikichelewa kuchanganyika, mmenyuko huendelea kichinichini kwenye hatua inayofuata, ambayo ina joto. Kwa miaka mingi kemikali hiyo ilikuwa ya jamii ya dithiokabamati. Kwa kuwa baadhi yake huweza kuzaa nitrosamini, ambazo nyingi husababisha saratani, viwanda vingi vimehamia kwenye haidroksilamini.

Kisha malighafi isiyotumika huondolewa ili irudi kazini. Butadieni hutoka kirahisi kwa kupunguza shinikizo, stairini hufukuzwa kwa mvuke ndani ya mnara. Hapa utomvu, yaani yale maji yenye matone ya mpira, unapata moto ukiwa bado haujavishwa kinga, na kila dakika ya ziada mnarani ina gharama yake.

Sasa inakuja hatua ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo yenye uzito kuliko zote, ingawa katika michoro ya kiwanda huonekana kama kibomba kidogo kinachoingia pembeni: kutia antioksidanti. Hutiwa wakati mpira bado ni utomvu, nayo ikiwa imefanywa emulsheni, ili tone likutane na tone. Mpira ukishaganda na kukauka, hakuna mashine ya kiwandani itakayosambaza nusu kilo ya unga ndani ya kilo mia za mpira kwa usawa ule. Na hapa ndipo uzembe usioonekana hutokea. Emulsheni ya antioksidanti ikiwa na matone makubwa kupita kiasi, au ikiwa haiendani na sabuni ya utomvu, huelea juu ya tangi au hujitenga njiani. Sampuli ya maabara itaonyesha kiasi sahihi kwa wastani. Ndani ya robota, hata hivyo, kutakuwa na mahali penye kinga mara mbili na mahali pakavu, pasipo kinga, na robota huanzia kuharibika pale pakavu. Jeli ikianza mahali pamoja, peroksidi zake husambaa kwa majirani. Wastani mzuri kwenye cheti haukulindi na hili.

Baada ya hapo utomvu hugandishwa. Anayejua tui la nazi likikatika baada ya kutiwa ndimu anaijua hatua hii: chumvi na asidi vikiingia, sabuni hupoteza nguvu ya kuyatenga matone, nayo hushikana kuwa chengachenga zinazoelea kwenye maji. Chenga hizo huoshwa. Uoshaji unaonekana kazi ya kawaida lakini una siri zake. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu, asidi iliyobaki hula bomba na mashine na kuleta chuma ndani ya mpira, na maji yenye kutu huongeza chuma moja kwa moja. Ndiyo maana kwenye cheti cha mpira kuna kipimo cha majivu, yaani kinachobaki mpira ukichomwa. Majivu mengi ni dalili ya uoshaji wa haraka haraka.

Ukaushaji ndio mtihani wa antioksidanti. Chenga zina eneo kubwa la kugusana na hewa, hewa ni ya moto, na katika mitambo ya kukamua kwa skrubu mpira hupita nyuzijoto 100 ili maji yaliyobaki yaruke kwa mvuke ukitoka. Ukikausha kidogo, unyevu unabaki, robota linapata ukungu mweupe katikati na viputo wakati wa kupika. Ukikausha kupita kiasi, umeshatumia sehemu ya akiba kabla robota halijazaliwa. Kuna pia chenga zinazonasa kwenye pembe za kikaushio, zikakaa humo siku nzima, zikakolea hudhurungi na kuwa jeli, halafu siku moja zikaanguka kwenye bidhaa safi. Ukikuta doa jeusi gumu ndani ya robota jeupe, mara nyingi ndilo hilo, na tiba yake ni ufagio na ratiba ya usafi, wala si kemikali.

La mwisho ni joto la mpira wakati wa kufungwa. Mpira haupitishi joto vizuri. Robota lililoshindiliwa likiwa moto na kupangwa papo hapo ndani ya kreti, lenye majirani wa moto juu na chini, moyo wake unaweza kukaa na joto hilo siku kadhaa. Nje linapoa, ndani linaendelea kupikika. Kiwanda makini hupoza chenga kwa hewa kabla ya kushindilia na huacha nafasi kati ya marobota hadi yapoe. Kiwanda chenye oda nyingi na sakafu ndogo hushawishika kuruka hatua hii, na hakuna cheti kitakachosema hivyo.

Mipira isiyopitia majini

BR na SBR za kizazi kipya, hasa za matairi ya kupunguza matumizi ya mafuta, hutengenezwa ndani ya kiyeyushi badala ya maji. Kichocheo huwa cha lithi, neodimi, nikeli au kobalti. Tatizo la kwanza ni kuua kichocheo hicho kwa maji, alkoholi au asidi na kuondoa au kutuliza mabaki yake, kwa kuwa kobalti iliyobaki ni ileile tuliyoiona ikipasua haidroperoksidi. Antioksidanti hutiwa humo humo kwenye kiyeyushi, kabla ya mvuke wa kukifukuza.

Tatizo la pili halina uhusiano na oksijeni hata kidogo. Minyororo iliyonyooka kabisa, isiyo na matawi, huteleza moja juu ya nyingine kwa uzito wake tu. Robota la BR lililopangwa chini ya mengine hutambaa polepole, linajaza pembe za kreti, linapasua plastiki yake na kushikana na jirani kiasi kwamba unahitaji msumeno. Kwenye joto la Dar utambaaji huu huenda haraka zaidi. Watengenezaji huutibu kwa kuunganisha miisho ya minyororo kwa kloridi ya bati au ya silikoni, ili minyororo minne ishikwe kwenye kitovu kimoja kama nyota. Nyota haitelezi kwa urahisi.

La tatu ni jipya zaidi na linatuhusu sana sisi wa pwani. Ili mpira ushikane vizuri na silika, unga mweupe unaoimarisha matairi hayo, mwishoni mwa mnyororo huwekwa kundi la alkoksisilani. Kundi hilo hupenda silika, lakini hupenda pia maji. Likipata unyevu, huachia alkoholi yake, kisha miisho miwili huungana na mnyororo unakuwa na urefu mara mbili. Mnato hupanda ghalani bila oksidisho lolote, na antioksidanti hata ukiijaza haitasaidia. Dawa mojawapo iliyopatikana ni kutia silani ndogo isiyo na mnyororo, kama oktiltriethoksisilani, kabla kiyeyushi hakijafukuzwa: miisho ya polima hukutana na silani ndogo kabla haijakutana yenyewe kwa yenyewe, na kuungana nayo hakurefushi mnyororo. Mpira wa aina hii ukikaa Dar katika msimu wa masika, na plastiki imechanika, mimi nisingeupa muda mrefu.

Gundi ya fundi viatu

Mpira wa kloroprini, ambao timu ya mkemia Wallace Carothers iliubuni katika kampuni ya Marekani ya DuPont, ukatangazwa mwaka 1931 na sasa unajulikana kwa jina la neoprene, ndio ulio ndani ya gundi nyingi za mkebe zinazotumiwa na mafundi viatu. Kemia yake ina tabia mbili zinazopotosha.

Kwanza, huganda kwa fuwele kwenye baridi na kuwa mgumu kama ubao. Huo si uharibifu, ukiupasha unarudi. Kwa hali ya hewa yetu hili si la kuhofia, ila shehena iliyopita baridi njiani inaweza kufika ngumu na ikakataliwa bure. Pili, daraja zenye salfa ndani ya mnyororo hazikai muda mrefu kama zile zisizo nayo. Wakati wa kutengeneza, minyororo hiyo hukatwa kwa kiasi kilichopangwa kwa kutumia thiuramu, ambayo sehemu yake hubaki na kuilinda. Viungo vya salfa vilivyobaki ni dhaifu, na ghalani huendelea kukatika na kujiunga upya, hivyo mnato unaweza kushuka kwanza na kupanda baadaye. Juu ya hayo, kloroprini huachia asidi ya haidrokloriki kidogo kidogo, na asidi hiyo huchochea kuharibika zaidi. Ndiyo maana oksidi ya magnesi hutiwa kwenye gundi na kwenye mchanganyiko: kazi yake ya kwanza ni kuimeza asidi.

Gundi iliyokuwa inateleza ikageuka utelezi mzito usiopakika, mara nyingi imeshafika hapo hata kama mkebe haujafunguliwa. Kuongeza tolwini kunaifanya ionekane imepona. Nguvu ya kushika hairudi.

Kinga ipi, kwa bei ya nani

Amini hulinda kuliko fenoli, lakini hupaka rangi. SBR 1500 huwekewa kinga ya jamii inayopaka rangi, na kwa tairi jeusi hakuna anayejali. SBR 1502 huwekewa isiyopaka, kwa ajili ya soli nyeupe, vifaa vya nyumbani na sakafu. Mwenye karakana ya viatu akinunua 1500 kwa sababu ilikuwa na bei nafuu, soli zake nyeupe zitageuka manjano dukani Kariakoo kabla hazijapata mguu.

BHT, fenoli maarufu na ya bei nafuu, ina molekuli ndogo na huruka na hewa ya kikaushio. Unaweza kutia kipimo kamili kwenye utomvu na ukafungia robota lenye pungufu. Fenoli zenye molekuli kubwa hukaa, kwa bei ya juu. Baadhi ya fosfaiti huvunjwa na maji, na ile iliyotumika zaidi, TNPP, ikivunjika huachia nonilfenoli, kemikali inayodhibitiwa sana Ulaya.

Historia ya kinga hizi ina madoa. Mpira wa wakati wa vita ulihifadhiwa kwa amini iitwayo fenili-beta-nafthilamini, ambayo baadaye iliachwa kwa kuwa ilibeba uchafu wa nafthilamini inayosababisha saratani ya kibofu. Na mwaka 2020 watafiti wa Marekani waligundua kwamba 6PPD, amini iliyo karibu kwenye kila tairi duniani, ikikutana na ozoni huzaa kemikali inayoua samaki wa jamii ya salmoni aina ya coho kwenye mito inayopokea maji ya barabarani. Kutafuta mbadala kunaendelea. Kwa hiyo robota linalodumu ghalani halina maana ya robota lisilo na madhara.

Zamu ya mtunza stoo

Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kasi ya mmenyuko wa namna hii huongezeka kama mara mbili kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Karatasi ya mtengenezaji ikisema miaka miwili kwenye nyuzijoto 25, kwenye 35 inakuwa kama mwaka mmoja, kwenye 45 kama miezi sita. Kiwango cha kimataifa ISO 2230, kinachohusu bidhaa za mpira uliokwisha kupikwa, nacho kinataka ghala lisizidi nyuzi 25. Chini ya paa la bati lisilo na dari, mchana wa Februari, joto huweza kupita 40, na ndani ya kontena lililofungwa juani bandarini hali ni mbaya zaidi. Wastani wa siku haufariji, kwa sababu saa chache za joto kali zinaweza kula akiba kama ya usiku mzima wa ubaridi. Mizigo inayokwama kusubiri nyaraka, basi, inalipiwa mara mbili: kwa tozo za bandari na kwa uhai wa mpira.

Kiyoyozi kwa ghala zima ni ndoto kwa wengi. Kinachowezekana ni dari, matundu ya hewa juu ya kuta, kreti kutoegemea ukuta wa magharibi, plastiki kutochanwa hadi siku ya kazi, na kilichoingia kwanza kutoka kwanza kwa kufuata tarehe ya kutengenezwa, sio ya kupokelewa. Tarehe hizi mbili zinaweza kupishana kwa miezi mingi, hasa mzigo ukipitia kwa dalali. Muuzaji akikupa namba ya bechi, mnato wa Mooney, majivu, kiasi cha unyevu na jina la antioksidanti, unaye mtu wa kufanya naye biashara. Akikwambia "mzigo mzuri huu, kaka, usiwe na wasiwasi," muombe sampuli.

Sampuli ikate mbili: moja kutoka ngozi ya robota, moja kutoka moyoni. Pima gramu chache za kila moja, zikate vipande vidogo, ziloweke kwenye tolwini ndani ya chupa iliyofungwa, mahali penye hewa na pasipo moto, kwa siku moja au mbili. Chuja kwa wavu mwembamba wa chuma, kausha kilichobaki, pima tena. SBR nzima haiachi kitu cha maana kwenye wavu. Ngozi ikiacha jeli na moyo haukuacha, oksijeni imeingia kutoka nje, na hilo ni la hifadhi. Unaweza kuchuna tabaka la juu na kutumia lililobaki mapema. Moyo ukiacha jeli kuliko ngozi, robota lilifungwa likiwa moto, na barua ya madai iende kwa muuzaji ikiwa na namba ya bechi. Jeli ikitokea madoa madoa, hapa ipo pale haipo, shuku usambazaji wa antioksidanti au uchafu wa kikaushio. Marobota ya namna hiyo huenda kwenye mikeka ya kufutia miguu na vizuizi vya milango, yakichanganywa kidogo kidogo na mpira mzima. Kwenye bushi na tabaka la tairi hayaingii.